Chini ya Kilima cha Salaita: Tuliyoyaona Baada ya Kuhama Mombasa



Yapata mwaka mmoja na nusu sasa tangu tulipofunga mizigo yetu Mombasa tukahamia chini ya kilima cha Salaita, kando ya barabara itokayo Voi kwenda Taveta. Jamaa zetu waliposikia habari ya safari hiyo walitupa pole kabla ya kutupa hongera. "Mnakwenda bara," walisema, kwa sauti ile ambayo mtu wa pwani hulitamkia neno hilo, kana kwamba bara yote ni kijiji kimoja na pwani ndiyo dunia iliyobaki. Wengi katika nyinyi mnaosoma ukurasa huu mmehama, au mtahama kesho, kwa sababu ya riziki: wengine Voi, wengine Nairobi, wengine Muscat. Kwa ajili yenu tumeona vyema tuandike tuliyoyaona, yaliyotufurahisha na yaliyotuaibisha pia.

Tulikuwa watu sita. Baba wa nyumba alikuwa amepata kazi ya kusimamia ghala la nafaka mjini Taveta; walikuwako mama na watoto watatu; na alikuwako mama yetu mzee, mzazi wa baba wa nyumba, aliyekuwa amepita umri wa miaka 70. Dada zetu walimtaka abaki kwao. Akakataa. "Mimi si kabati," alisema, "hata mniache kwa jirani mpaka mpate gari. Mkihama, nahama."

Tuliondoka na lori la mizigo baada ya Alfajiri. Adhuhuri tuliiswali Mackinnon Road, katika msikiti ulio kando ya reli, penye kaburi la Sayyid Baghali, ambaye husimuliwa kwamba alikuja na watu wa Bara Hindi walioijenga reli ya Uganda. Voi tukaacha njia ya Nairobi tukashika ya magharibi, tukapita Mwatate na Bura. Dereva, kwa kutaka kutuchangamsha, akatuambia kwamba mbele yetu, Maktau, yako makaburi ya askari wa Kihindi waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mama yetu akaomba lori lisimame. Akashuka kwa taabu, akasimama ukingoni mwa barabara katika vumbi, akainua mikono.

Tulipomwuliza amemwombea nani, alijibu, "Simjui. Lakini akiwa yumo humo hata mmoja aliyekufa na shahada yake, nani wa kwao atakayefika kumzuru?"

Habari ya vita hivyo tuliijua vizuri baada ya kukaa. Agosti 1914 Wajerumani waliokuwa wakiitawala Tanganyika walivuka mpaka wakaitwaa Taveta, na kilima hiki cha Salaita wakakifanya ngome. Waingereza nao walijenga reli kutoka Voi kuja huku ili kuwatoa. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walikishambulia kilima wakarudishwa nyuma, na waliosimama imara kuwafunika walipokuwa wakirudi ni kikosi cha Wabaluchi kutoka Bara Hindi, wengi wao Waislamu. Wajerumani waliondoka mwezi wa Machi mwaka uleule. Wazee wa hapa husimulia kwamba hata jina Salaita limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya machinjo. Leo kilima kimenyamaza, mbuzi hula majani mahali palipokuwa mahandaki, na sisi ndio tunaoanika nguo chini yake.

Mambo ya kwanza ambayo mhamiaji huyatambua ni madogo. Mombasa, tukielekea kibla, tulielekea kaskazini, na bahari kuu ilikuwa mkono wetu wa kuume. Hapa pia twaelekea kaskazini, tukiegemea mashariki kidogo tu. Lakini mkono wa kuume hakuna bahari, bali pori la Tsavo, na upande wa kushoto, mbele kidogo ya bega, umesimama mlima Kilimanjaro. Alfajiri huonekana mweupe kama kanzu iliyofuliwa. Jua likipanda, mawingu huufunika, na mgeni aliyefika mchana anaweza kukaa siku nzima asijue kwamba upo.

Mombasa adhana ilitujia kutoka misikiti mingi, moja ikiikamata nyingine. Hapa hatusikii ila pepo ikivuma vizuri. Ikatubidi tujifunze kulitazama jua wenyewe. Katika Ramadhani yetu ya kwanza mtoto wetu wa kiume alifungua redio, akasikia adhana ya Magharibi, akanyosha mkono kuchukua tende. Bibi yake akamshika kiganja. "Adhana ile ni ya Mombasa," alimwambia. "Jua letu lile pale, bado halijatua." Na kweli lilikuwa juu ya miti. Kwa kuwa tuko magharibi zaidi, jua la hapa hutua nyuma ya lile la Mombasa kwa takribani dakika nane. Watu waliohama na ratiba za futari kutoka nyumbani na walizingatie hili, maana dakika nane ni nyingi kwa mwenye kufunga, na ni nyingi zaidi kwa mwenye kufungua kabla ya wakati.

Lugha nayo ilitucheza. Wengi mwajua kwamba sisi wa Mombasa husema "ndoo" tunapomwita mtu aje. Siku moja binti yetu mdogo, aliyekuwa na miaka minane, alimwita rafiki yake wa jirani, "Ndoo! Ndoo upesi!" Yule mtoto akageuka mbio, akaingia kwao, akarudi na ndoo ya plastiki. Wakacheka mpaka wakaketi chini. Tangu siku hiyo watoto wa mtaa humwita binti yetu kwa neno hilo. Naye amejifunza kwao, kwa kuwa wamo Wataveta, Wataita, Wakamba na Wapare, na kila nyumba ina salamu yake.

Siku za Jumatano na Jumamosi ni siku za soko kubwa la Taveta. Wenzetu wanaoona Marikiti kuwa ndiyo soko, na waje walione hili. Watu hutoka pande mbili za mpaka. Shilingi ya Kenya na shilingi ya Tanzania hulala katika mfuko mmoja. Vitunguu, maharage, mchele na mahindi huja kwa magunia, na migomba ya Taveta hujaza malori yaendayo Mombasa na Nairobi. Ndizi tulizokuwa tukizinunua Mombasa bila ya kuuliza zimetoka wapi, huenda nyingi zilitoka hapa. Mwuzaji wa kutoka upande wa Holili husema "naomba" na "samahani" hata anapokudai pesa zake. Na sisi tulioingia sokoni tukijiona wageni wa kwanza kutoka pwani, tuliambiwa na mzee mmoja kwamba misafara ya Waswahili wa Mombasa na Pangani ilikuwa ikipumzika Taveta tangu kabla ya reli na kabla ya Mzungu. Tulikuwa tumetanguliwa kwa zaidi ya miaka mia.

Jikoni ndiko tulikobadilika zaidi. Nazi hapa ni bidhaa ya safari, na samaki wa bahari akifika huwa amechoka kuliko mnunuzi. Tukajifunza kumpika perege wa ziwa Jipe, na jirani yetu Mtaita akatufundisha kimanga, maharage yaliyopondwa pamoja na muhogo. Mama yetu aliongeza tui la nazi yake ya mwisho katika ndizi mbichi, akalipeleka sufuria kwa jirani. Sisi hatukwenda naye.

Hapa ndipo tunapofikia jambo lililotufanya tuandike.

Tulikuja na hofu, na hofu zenyewe si za kudharauliwa. Mzazi Mwislamu anayehamia mahali ambapo Waislamu ni wachache ana haki ya kufikiri juu ya chakula cha watoto wake, swala zao na mwenendo wao. Lakini sisi hatukufikiri; tulifunga mlango. Watoto walikwenda shule na chuoni, wakarudi. Salamu tulizitoa barabarani, wala hatukuzidisha. Tukijisemea kwamba tunalinda dini, na huku Sura An-Nisaa tunayoihifadhisha watoto wetu imetaja haki ya jirani wa karibu na ya jirani wa mbali pia.

Mama yetu peke yake hakufunga mlango. Kila baada ya Alasiri alitandika mkeka wake chini ya mwarobaini ulio nje ya ua, akaketi na tasbihi yake, na kila apitaye alimwamkia. Wanawake warudio na kuni walipumzika kwake. Binti yetu mdogo alikuwa fimbo yake. Alimshika mkono wakazunguka nyumba hii na ile. Tulidhani ni uzee unaotafuta mazungumzo.

Siku moja maneno yalitokea juu ya maji. Mjini Taveta chemchemi zilishwazo na Kilimanjaro hutoa maji mengi, na mifereji huyapeleka mashambani. Kwetu Salaita, ingawa si mbali, ardhi ni nyekundu na kavu, na maji ni ya kutafutwa. Mfereji wa bomba ukitoa, watu hujaza. Usipotoa, maji hununuliwa kwa dumu, yakaletwa kwa pikipiki au punda. Ndovu nao hutoka Tsavo kiangazi kwa kiu hiyohiyo, na ndiyo maana watoto hawatumwi maji jioni. Tulikuwa tukilalamika uani, tukisema Mombasa haikuwa hivi, ingawa wote twajua kwamba Mombasa pia tuliyanunua kwa mkokoteni. Jirani yetu alisikia. Akacheka, akasema, "Lakini nyinyi maji yetu mmeyanywa tangu zamani."

Na ni kweli. Chemchemi za Mzima, ambazo tangu miaka ya 1950 bomba lake limekuwa likipeleka maji Mombasa, zimo katika kaunti hii ya Taita Taveta, ndani ya Tsavo Magharibi. Vikombe tulivyokunywa utotoni, birika tulizotawadhia, maji ya harusi zetu na ya maiti zetu, sehemu yake ilitoka katika nchi ambayo tuliiita "bara" kwa dharau, na ambayo vijiji vyake vingine vinakaa na madumu matupu. Jirani hakulisema kwa chuki. Lakini sisi tulinyamaza.

Mwezi wa Septemba uliopita, katikati ya kiangazi, mama yetu aliugua siku tatu, na usiku wa nne, kabla ya adhana ya Alfajiri, alifariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun.

Simu zikaanza. Kaka zetu na mjomba walitaka aletwe Mombasa, azikwe Kikowani karibu na marehemu baba. "Mtamwacha mama yenu porini, peke yake?" Maneno hayo yalitukata. Lakini alikwisha kutuusia, tena mara mbili, kwamba azikwe mahali atakapofia. "Mkinibeba njia yote ile juani," alisema, "mtakuwa mnanifanyia mimi, au mnajifanyia nyinyi?" Imamu wa Taveta alitukumbusha kwamba sunna ni kuharakisha, na kwamba wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii hawapendelei maiti kuhamishwa mji hadi mji. Baba wa nyumba akaamua. Mjomba akakata simu bila ya kuaga.

Kisha tukatazama maji. Bomba lilikuwa halijatoa siku ya nne. Nyumbani palikuwa na dumu moja na nusu, na maiti huoshwa mara tatu, au zaidi kwa witiri. Tukawa tunahesabu noti na kumtafuta mwenye pikipiki, na kulikuwa bado hakujapambazuka vizuri.

Hatujui ni nani aliyepeleka habari. Tulipofungua mlango wa ua, dumu la kwanza lilikuwa limewekwa kizingitini. Kisha akaja mwanamke mwingine na dumu kichwani, na mwingine, na kijana na mawili juu ya baiskeli. Wengi wao si Waislamu. Waliyaweka chini wakasimama nje, na mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Tunaruhusiwa kuingia?"

Swali hilo hatutalisahau. Tulikuwa tumekaa nao zaidi ya mwaka, na mlango wetu ndio uliowafundisha kuliuliza.

Wanawake wa msikitini walifika kutoka Taveta, wakamwosha mama yetu kwa maji yale, wakamkafini. Alizikwa baada ya Adhuhuri katika makaburi ya Waislamu. Wanaume majirani walifuata jeneza mpaka mwisho. Wakati wa swala walisimama kando wamevua kofia, kisha wakashika majembe pamoja na wetu.

Baada ya siku tatu mjomba alifika kutoka Mombasa, uso umefungwa. Aliketi chini ya mwarobaini, mahali pa dada yake. Watu walipita mmoja mmoja kumpa mkono, na kila mmoja alikuwa na neno juu ya marehemu: huyu alitibiwa naye kikohozi kwa tangawizi, huyu alifundishwa naye kutia tui katika ndizi, huyu alikuwa akimwachia mtoto wake. Mjomba hakusema kwamba tulifanya vyema. Lakini siku ya kurudi alimwomba dereva amsimamishe Maktau, na tuliambiwa kwamba alishuka akasoma Fatiha.

Matanga yalipokwisha, uani palibaki madumu 23. Nyinyi wenyeji wa pwani mwajua desturi yetu: chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Mama wa nyumba akapika mahamri siku mbili mfululizo. Ndipo tukagundua kwamba hatujui dumu hata moja ni la nani. Kila moja lilikuwa na alama: hili kitambaa cha buluu shingoni, hili herufi iliyopigwa rangi, hili limechomwa msumari kishikioni. Tulizitazama alama hizo kama mtu asiyejua kusoma anavyotazama kitabu.

Binti yetu mdogo ndiye aliyezisoma. Alikuwa amezunguka nyumba zote na bibi yake. "Hili la kina ndoo," alisema, akimaanisha rafiki yake yule. "Hili la mama auzaye mkaa. Hili la babu mwenye punda." Akatangulia, sisi tukafuata, nyumba baada ya nyumba. Mahali pengine tulikaribishwa tukaketi mpaka jua likakaribia kutua. Tulipoulizwa tunakula nini na hatuli nini, tulieleza, na hakuna aliyeudhika. Mmoja alisema laiti tungemweleza tangu mwanzo, angekuwa amekwisha kutupikia. Yale tuliyoyaogopa mwaka mzima yalimalizika kwa maneno machache mlangoni.

Dumu moja halikupata mwenyewe. Lina uzi mwekundu kishikioni, na kila tuliyemwuliza alisema si lake. Tumeliweka chini ya mwarobaini. Bomba likitoa hulijaza kwanza lenyewe, na apitaye akiwa na kiu, au nyumba yake ikiwa imekaukiwa, hulichukua, kisha hulirudisha. Twamwomba Mwenyezi Mungu aandike thawabu zake kwa marehemu mama yetu, na kwa yule aliyelileta alfajiri ile bila ya kungoja kushukuriwa.

Kwa wenzetu wanaohama, tunalo neno moja. Chukueni misahafu yenu, ratiba zenu na nazi zenu. Lakini katika wiki ya kwanza, kabla ya kutundika mapazia, wapelekeni watoto wenu wakawaamkie majirani, na nyinyi mwende nao, mkaseme wenyewe mnachokula na msichokula. Msingoje mpaka watu wawafahamu kwa siku ya msiba. Mahali pa kufia mtu hapajui ila Mola wake, na atakayekuletea maji ya kukuosha huenda ni yule ambaye bado hujamwuliza jina lake.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu, awarehemu wazee wetu wote walio Kikowani, Taveta na Maktau, na atujaalie kuwa majirani wema popote atakapotutupia riziki. Amin.

Wabillahi tawfiq.